Mama Kalamu Anajibu: Tulienda Lushoto Kuandika, Nikaishia Jikoni

Mwezi uliopita nilichomekea tu kwamba mi na wenzangu wanne huwa tunachanga tunakodi nyumba milimani tunaenda kuandika kwa utulivu, nikadhani nimepita. Kumbe nimechokoza. Barua zimemiminika mpaka mhariri kaniuliza kama nimefungua gesti. Nimechagua tano, zilizobaki mnivumilie.

*

SWALI: Shikamoo Mama Kalamu. Mi mdada wa miaka 34, naishi Tegeta, naandika hadithi fupi. Tuko marafiki watano, wanaume watatu na wanawake wawili, tulijuana kwenye grupu la WhatsApp la kusomeana kazi. Mwaka jana mwezi wa sita tukasema tukajifungie sehemu tulivu, tukapata nyumba Lushoto, vyumba vitatu na bustani, kila mtu akatoa laki na nusu. Mama, pale mahali we acha tu, asubuhi ukungu unaingia mpaka dirishani, hamna hata honi ya bodaboda. Lakini siku saba zote mi niliandika kurasa nne. Nne! Siku ya kwanza nilipika kwa sababu watu wamechoka na safari, siku ya pili nikapika kwa sababu jana nilipika, kuanzia ya tatu ikawa ndo cheo changu, mtu anatoka chumbani kwake anajinyoosha anauliza "leo kuna nini?" Dada mwenzangu alikuwa na kazi ya kukabidhi kwa hiyo alijifungia. Wanaume wawili walikuwa wanapiga stori barazani mpaka saa nane usiku na bia zao, wa tatu ndo kaandika sura sita za riwaya yake na mpaka leo anasema kwenye grupu kwamba ile ndo wiki tamu kuliko zote maishani mwake. Alafu hela ya gesi na kuni ikapelea nikaongeza elfu arobaini yangu, haijarudi. Saizi wanapanga kwenda tena mwezi wa nane. Moyo unataka, nikikumbuka lile sufuria roho inasita. Niende? Na nikienda niseme nini nisionekane mnoko?
— Mpishi wa Waandishi, Tegeta

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Ila kabla hujatuma hata shilingi, andika kwenye hilo hilo grupu kwamba mwaka huu hupiki peke yako. Usiandike kwa mafumbo, usiweke vikatuni vya kucheka mwishoni, andika kama unavyoandika hadithi zako, sentensi fupi. Atakayekuona mnoko kwa hilo alikuwa anakupenda kwa ajili ya wali.

Ntakwambia kilichonikuta mimi. Mara ya kwanza kwenda Lushoto, miaka mingi sasa, tulikuwa watano pia. Tulifika jioni, basi limetushusha Mombo, tukapanda Noah mlimani na zile kona, mmoja wetu katapika Soni, tunafika juu giza, baridi, umeme hakuna na kuni zimelowa. Mwenye nyumba, simtaji, alituahidi jiko la gesi, tukakuta jiko lipo mtungi mtupu. Nani unadhani alipiga magoti kupuliza moto? Kule nyumbani napuliza, na kule nilikokwenda kupumzika napuliza. Nikalala na moshi kwenye nywele. Asubuhi nimeamka nikaona lile bonde lote limejaa mawingu kama mtu kamwaga maziwa, nikasema hapana, hii siwezi kuiangalia kupitia dirisha la jikoni wiki nzima.

Nikafanya mambo mawili, na wewe yafanye. La kwanza, nikamuuliza mlinzi kama kuna mama wa jirani anayeweza kuja kupika mchana tu kwa malipo, akamleta shemeji yake, tukaelewana bei mbele ya watu wote na kila mtu akatoa fungu lake palepale. Chakula cha kuiva mara moja kwa siku, basi. La pili, makande. Usicheke. Makande ndo chakula cha mwandishi. Mahindi na maharage unaloweka usiku, asubuhi na mapema unabandika, moto mdogo, unaenda zako kuandika, kazi yako ni kunyanyuka mara mojamoja kuongeza maji, na hata mwanaume aliyekuja na riwaya yake ya sura sita anaweza kunyanyuka kuongeza maji. Saa saba yameiva. Kabichi na karoti za Lushoto zenyewe unazijua, mbogamboga za kule ndo tunazogombania Kariakoo, pale sokoni unabeba fungu kwa bei ya kutania. Jioni mkate, chai ya tangawizi na mapeasi. Hamna mtu aliyekufa kwa kula hivyo siku saba.

Na wala usidhani suala la chakula ni dogo, eti wasanii hawahangaiki na sufuria. Kule Marekani kuna sehemu inaitwa MacDowell, iko Peterborough katika jimbo la New Hampshire, ilianzishwa 1907, waandishi na wanamuziki wanapewa kila mtu kibanda chake msituni afanye kazi. Unajua wana utaratibu gani unaojulikana kuliko yote? Kikapu. Mchana chakula kinaletwa kwenye kikapu, kinawekwa mlangoni, aliyeleta anaondoka bila kubisha hodi. Kuna watu wamekaa wakafikiri wakaona kinachoua siku ya mwandishi si kelele, ni lile swali la "leo tunakula nini". Na nikuchomekee hii, sehemu inabeba jina la Edward MacDowell, mtunzi wa muziki, lakini yeye alifariki 1908, mwaka mmoja tu baada ya kuanza. Aliyeiendesha miongo kwa miongo, akizunguka kupiga piano apate hela za kuitunza, ni mkewe Marian. Kwa hiyo hata pale penye kikapu kuna mwanamke nyuma ya kikapu. Tofauti ni kwamba wanaokula wanajua kikapu hakiji chenyewe.

Hao wa barazani wala sina ugomvi nao, stori za usiku ni nusu ya raha, mi mwenyewe nina hadithi mbili zimezaliwa kwenye porojo za saa sita usiku. Lakini wekeni saa. Sisi kwetu ni hivi, toka saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana hamna kuongea, ukikutana na mtu kwenye korido unampungia mkono tu, simu ziko kwenye bakuli juu ya kabati. Baada ya hapo fanya utakalo, tembea Irente kule kwenye jabali ukaangalie nyika chini mpaka kichwa kikuzunguke, lala, piga soga. Saa mbili usiku wote mezani, kila mtu anasoma ukurasa mmoja alioandika siku hiyo. Mmoja tu. Hiyo ya kusoma ndo inawanyoosha wa barazani kuliko ugomvi wowote, mana mtu mzima kukaa mbele ya wenzake siku tatu mfululizo akisema "mi leo sina" ni aibu nzito. Siku ya nne utamkuta kaamka saa kumi na moja.

Alafu mwanangu nikuulize na wewe, hizo kurasa nne zote ni za sufuria kweli? Ulienda na nini mkononi? Barua yako haijasema. Hilo nimeliona kwa wengi, mtu anaenda mlimani kuanza, anakaa mbele ya karatasi nyeupe na mandhari nzuri, mandhari inashinda. Na jikoni, tusidanganyane, ni sehemu nzuri sana ya kujificha, ukipika hakuna anayekuuliza umeandika nini. Mi mwenyewe nimejificha humo. Safari hii nenda na kitu ulichokwisha kukianza mjini, kimekwama katikati, unajua kabisa kimekwama wapi. Utulivu unafaa kwa kumalizia.

Elfu arobaini idai leo. Usiseme itakatwa kwenye mchango wa safari hii, hapana, irudi kwanza, alafu mchango uanze upya na mtu mmoja ashike daftari la matumizi, na asiwe wewe.

*

SWALI: Salaam Mama Kalamu. Sisi tu vijana saba wa Likoni, twatunga mashairi, ya vina na mizani na ya huru yote. Twataka mwezi ujao twende mahala shamba tukae siku nne tutunge, lakini wazee wetu hapa watucheka, wasema hayo ni mambo ya kizungu, mshairi hatungi kwa kukimbia watu, mshairi atunga barazani watu wamsikie. Wamenitia shaka kidogo. Na pia twataka utuambie twende wapi, pesa hatuna nyingi.
— Saba wa Likoni, Mombasa

JIBU: Aleikum salaam wanangu. Wazee wenu wana nusu ya ukweli na nusu hiyo muichukue. Ushairi wa mwambao umekuzwa na watu kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa yenu na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi wakati miji yao inapigana, hilo mtu halifanyi akiwa kajifungia peke yake na kikombe cha kahawa. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 Vibambani pale Tanga, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, miaka kadhaa forodhani, asubuhi anashughulika na makaratasi ya mkoloni na bado kaacha rafu nzima ya vitabu. Hakungoja mtu amlipie nyumba ya mlimani. Kwa hiyo yeyote kati yenu anayesema hawezi kutunga mpaka aende shamba, mwacheni nyumbani, huyo hata shamba hatatunga.

Ila wazee wamekosea pale wanaposema ni kukimbia watu. Ninyi si mnaenda saba? Mnahama na baraza lenu! Tena hao wazungu wenyewe kisa chao maarufu kuliko vyote ni cha baraza tupu. Mwaka 1816 kundi la vijana wa Kiingereza lilikuwa Uswisi kando ya ziwa Geneva, washairi Byron na Shelley, Mary aliyekuja kuolewa na huyo Shelley, ndugu yake wa kambo, na daktari wa Byron. Walienda kula kiangazi, kiangazi hakikuja, mvua mtindo mmoja, mana mwaka uliotangulia volkano ya Tambora ilikuwa imelipuka kule Indonesia na majivu yake yakavuruga hali ya hewa mpaka Ulaya. Wamefungiwa ndani na mvua, wanasomeana hadithi za mizimu, Byron akasema basi kila mmoja atunge yake. Mary alikuwa na miaka 18. Siku zikapita hana kitu, kila asubuhi anaulizwa umepata? hajapata. Mwishowe hadithi ikamjia usiku amelala macho, na ndo hiyo ya Frankenstein na lile dude lake, ikatoka kitabu 1818. Wale washairi wakubwa wawili? Za kwao waliziacha njiani. Waliomaliza ni yule msichana na, baadaye, yule daktari. Kwa hiyo katika saba ninyi msianze kugawana nani nyota.

Pa kwenda. Karibu kabisa ni Kwale, pembeni ya Shimba Hills, mnajiendea zenu hata nusu siku haiishi, kuna hewa na kuna miti na usiku mtajifunika. Mkiwa upande ule jioni msizurure kwenye vichaka mkitafuta vina, pale tembo ni wengi na hawajui kama wewe ni mshairi. Mkitaka baridi kweli nendeni Wundanyi, milima ya Taita, mnapanda treni mnashuka Voi, kisha matatu kupitia Mwatate mpaka juu. Kule ni mashamba ya ngazi ngazi, vijito, watu wapole. Msitafute hoteli. Tafuteni nyumba ya mwalimu aliyehamishwa, au ukumbi wa kanisa au madrasa kipindi shule zimefungwa, mkaongee na mwenyeji uso kwa uso mmoja wenu akatangulie. Mkifika salimieni mtaa, semeni mmekuja kufanya nini, vijana saba wageni wamejifungia ndani siku nne hawasemi kitu, hata ingekuwa mimi jirani ningempigia chifu.

Na siku ya mwisho waiteni hao majirani mwaghanie. Kisha mkirudi Likoni waghanieni wale wazee, wao ndo majaji.

*

SWALI: Mama Kalamu, nimeolewa miaka sita, nina watoto wawili, naandika riwaya usiku watoto wakilala. Wenzangu wamenialika siku tano Lushoto, wapo na wanaume kwenye kundi. Mume wangu amesema mke wa mtu haendi kulala porini na wanaume kisa kuandika, na akauliza "kwani hapa nyumbani kuna kelele gani?" Wakati anauliza, mtoto alikuwa anapiga sufuria na mwiko. Sijui nicheke au nilie.
— Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Cheka, alafu hiyo sentensi ya mwiko iweke kwenye riwaya.

Mumeo ana mambo mawili kayachanganya na we usiyachanganye. Moja ni wivu, na wivu wa mume si lazima uwe ushamba, hao wanaume hawajui, hajawahi kuwaona. Waalike chakula cha mchana Jumapili hapo kwako. Akishamwona huyo mshairi na miwani yake na kikohozi chake, robo tatu ya shida imeisha. Jambo la pili ni kwamba hajui kama unafanya kazi. Unaandika usiku amelala, asubuhi hamna kinachoonekana, kwake yeye ni kama mtu anayecheza gemu kwenye simu. Umewahi kumsomea? Nauliza kwa sababu wengi wanaonilalamikia kwamba mume haelewi, ukiwauliza hivyo kunakuwa na kimya. Chagua kipande kisichomhusu yeye (hilo muhimu) msomee akiwa ameshiba.

Akikataa bado, usivunje nyumba kwa ajili ya Lushoto. We uko Morogoro, umeegemea Uluguru! Panga na mwenzako mmoja mwanamke, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mnapanda mdogomdogo njia ya Morningside, mnabeba chapati na chupa ya chai, mnakaa kule juu kwenye lile jengo la Wajerumani mnaandika mpaka saa tisa, jioni uko nyumbani. Watoto wabaki na baba yao kutwa nzima. Atalipata jibu la swali lake la kelele bila wewe kufungua mdomo.

*

SWALI: Shikamoo. Tulikuwa kwenye wiki ya uandishi na marafiki, usiku tunasomeana. Nikasimulia kisa cha bibi yangu alivyouza ng'ombe wake wa mwisho akanunua redio. Sikukisoma, nilikisimulia tu kwa mdomo, nilikuwa napanga kuja kukiandika. Miezi mitatu baadaye rafiki yangu kashinda tuzo ndogo ya hadithi, nafungua nasoma, bibi yangu huyu hapa, kabadilishiwa jina, ng'ombe kawa mbuzi. Nimwambie nini? Naweza kumshtaki?
— Mjukuu wa Bibi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Pole, na hii inauma kuliko kuibiwa simu.

Kumshtaki, usijisumbue. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA ndo wanaosimamia mambo hayo, lakini hakimiliki inalinda kazi ilivyoelezwa, maneno yenyewe na mpangilio wake. Hailindi wazo, hailindi kisa kilichotokea kweli kwa bibi ya mtu. Ungekuwa umekiandika na yeye kanakili aya zako, hapo mngeongea lugha nyingine. Kwa simulizi ya mdomo jikoni usiku wa manane utamaliza viatu bure.

Lakini urafiki una sheria zake na hizo kavunja. Mpigie, usimwandikie, mwambie umesoma, umemtambua bibi, na umeumia. Alafu nyamaza umsikilize. Kuna waandishi, na nasema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kuwa mmoja wao, ambao kisa kikiwaingia sikioni wanasahau kimetoka wapi. Niliwahi kuandika harusi ya mtu mzima mzima nikiamini nimeitunga, mpaka bibi harusi aliponiuliza mbona shela umelikosea rangi. Huyo wako akishtuka na kuomba radhi, mnaweza kuendelea. Akianza kukufundisha kwamba "visa ni vya wote", punguza kumsimulia.

Na kiandike. Cha kwako. Yeye anajua ng'ombe kauzwa redio ikanunuliwa, hajui bibi aliiweka redio wapi, alikuwa anaifunika kwa kitambaa gani, nani alikatazwa kuigusa. We unajua. Ukikiweka pembeni ya hicho chake cha mbuzi, msomaji ataona mwenyewe nani alikuwepo.

Kwa wengine wote mnaopanga kwenda kukaa pamoja, siku ya kwanza kabla ya chai kubalianeni hili, kinachosimuliwa mezani ni cha aliyesimulia, ukikitaka unaomba. Sisi tuna neno letu, mtu akisimulia kitu anachokitunza anasema "hii ina mwenyewe". Basi, mmesikia wote.

*

SWALI: Mama, sina maneno mengi. Naenda Lushoto wiki ijayo kuandika na wenzangu, mara ya kwanza, nimezaliwa na kukulia Dar. Nibebe nini?
— Mtoto wa Ilala

JIBU: Sweta. Ukishaliweka kwenye begi ongeza la pili. Nyie wa Dar mnadhani baridi ni ya kwenye friji, kule mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Wajerumani walipautwaa wakapaita Wilhelmstal na wakapafanya pa kukimbilia joto la pwani, basi ujue hakuna joto. Mwezi wa sita na wa saba ndo usiseme. Soksi za kulalia.

Dawa ya kichefuchefu, meza kabla ya Mombo maana zile kona za kupandia mlima hazina huruma na mtu aliyekula chipsi mayai Korogwe. Tochi na pawa benki, umeme unakatika. Bando la siku mbili tu, ya tatu liishe ushukuru. Daftari la karatasi hata kama una laptopu, na uliweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, mana ukungu wa kule unalowesha karatasi ukiwa umelala, na mifuko ya rambo ya kufungia ndo hivyo ilishapigwa marufuku toka 2019. Viatu vya kutembelea vyenye meno chini. Kitabu kimoja cha mtu mwingine, usibebe vitano, utasoma badala ya kuandika.

Usibebe spika. Nakuomba. Kuna mbega kule msitu wa Magamba, watakupigia muziki wao.

Na viberiti viwili, kimoja kitalowa.